Saa zinazopima mwinuko: tuchapishiwe mgandamizo wa hewa wa kila siku

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo, lakini kwetu sisi tunaotembea, kukimbia na kupanda milima linazidi kukua. Hapa Malindi, kama ilivyo Lamu na Mombasa, vijana wengi sasa huvaa saa za michezo zenye altimita, yaani zile zinazomwonyesha mvaaji yuko mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Nyingine zimenunuliwa madukani, nyingine zimeletwa na jamaa walioko ng'ambo, nyingine zimenunuliwa kwa wageni waliokuwa wakirudi kwao. Ni vyombo vizuri, na waliovibuni ni watu wanaoijua kazi yao. Ninacholalamikia ni kwamba vinauzwa na kusifiwa kana kwamba ile nambari inayosomeka kwenye kioo imepimwa kwa tepu kutoka baharini mpaka mkononi mwa mvaaji, na mnunuzi haelezwi kwamba sivyo ilivyo.

Kilichonisukuma kushika kalamu ni kisa cha kijana mmoja wa mtaani kwetu. Nyumba yao iko karibu na ufuo, na mwinuko wake anaujua. Asubuhi aliiandikia saa yake mwinuko huo, akaiacha juu ya meza, na alasiri akaikuta inadai kwamba meza imepanda zaidi ya mita ishirini. Usiku ikashuka. Siku ya pili mambo yakawa yale yale. Akairudisha dukani, na muuzaji, bila hata kuifungua, akamwambia kwamba imeingia maji ya chumvi na kwamba gharama ya matengenezo ni juu yake mwenyewe. Kijana akalipa. Saa ile haikuwa na kasoro yoyote. Ilikuwa ikifanya kazi yake barabara, na iliporudi kutoka kwa fundi iliendelea kupanda na kushuka kama mwanzo.

Altimita ya aina hii haipimi urefu. Inapima mgandamizo wa hewa, ambao kwa maneno mepesi ni uzito wa hewa iliyo juu yetu, kisha inaugeuza kuwa mita kwa hesabu iliyowekwa kiwandani. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa iliyobaki juu yake inavyopungua, na mgandamizo unashuka. Elimu hii ni ya zamani. Mwaka 1648 Florin Périer, kwa ombi la shemeji yake Blaise Pascal, alipanda mlima wa Puy de Dôme nchini Ufaransa akiwa na bomba la zebaki, ambamo zebaki husimama juu au chini kwa kufuata mgandamizo wa hewa, akaiona ikishuka. Na mjini chini aliacha bomba la pili liangaliwe kutwa nzima, ili ijulikane kama hewa yenyewe ilibadilika siku ile au haikubadilika. Naomba msomaji alikumbuke bomba hilo la pili, kwa sababu ndilo ambalo wavaaji wa saa hizi hawana.

Mgandamizo hupimwa kwa hektopaskali. Karibu na usawa wa bahari, kila hektopaskali moja inayopungua, saa huihesabu kuwa mita nane na kitu. Lakini mgandamizo hubadilika hata mtu akiwa ameketi, na chombo kilicho mkononi hakiwezi kujua chenyewe kama umepungua kwa sababu mwenyewe amepanda kilima au kwa sababu hali ya hewa imegeuka. Saa za Garmin, Suunto, Casio na nyinginezo zote zimebanwa na jambo hili, ziwe za bei nafuu au za bei ya kutisha. Kihisi chake kinaweza kuwa kizuri kiasi cha kutambua kwamba umepanda ngazi moja ya nyumba, na bado nambari yote kwa jumla ikawa imekosea kwa mita thelathini. Kugundua badiliko dogo na kuujua mwinuko wa kweli ni mambo mawili tofauti, na matangazo huyachanganya.

Katika nchi za ikweta mabadiliko hayo yana utaratibu wake wa kila siku, na ndiyo sababu kijana yule aliliona jambo lile lile siku mbili mfululizo. Jua linapoipasha anga joto, hewa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama bahari yetu. Mgandamizo hufika juu mnamo saa nne asubuhi na tena saa nne usiku. Hufika chini mnamo saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Hapa pwani, tofauti kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni ni kama hektopaskali tatu. Ukizidisha kwa mita nane na kitu unapata mita ishirini na tano hivi, nazo ndizo ambazo meza ya kijana wetu ilisingiziwa kupanda. Ulaya wimbi hili ni dogo na humezwa na mapito ya dhoruba, kwa hiyo mtu wa huko anaweza kuivaa saa yake miaka mingi asilitambue. Sisi tunalo kila siku ya Mungu, kiangazi na masika.

Anayetaka kuhakikisha asinisadiki mimi. Aiweke saa yake barazani kivulini saa nne asubuhi, aiandikie mwinuko wa mahali pale, na kama ina njia ya kujirekebisha yenyewe aizime. Asiiguse mpaka baada ya sala ya alasiri. Nimewaonyesha vijana kadhaa jambo hili, na kila mara huwa kuna mmoja anayeinua saa na kuitikisa, akidhani imekwama. Kisha hukaa kimya tunapofungua ukurasa wa barometa, yaani wa kipimo cha mgandamizo wenyewe, kwenye saa ile ile na kuona mstari wa mgandamizo umeteremka tangu asubuhi, taratibu, bila kukatika, huku mstari wa mwinuko ukipanda kwa kipimo kile kile.

Mimi nilikuwa mpimaji ardhi kabla ya kustaafu, na naandika kwa uchungu kidogo kwa sababu jambo hili watu wa kazi yetu walilijua na kulitafutia dawa zamani. Kulipokuwa na altimita za kubeba kwenye mkoba wa ngozi, mtu hakutoka na moja akaiamini. Zilitumika mbili. Moja ilibaki kituoni, kwenye alama ambayo mwinuko wake unajulikana, na msaidizi alikaa chini ya mti akiandika kilichosomeka pamoja na wakati, kila baada ya dakika chache, tangu asubuhi mpaka kazi imalizike. Ya pili ilikwenda na mpimaji kwenye vilima. Jioni daftari mbili ziliwekwa sambamba, na kilichobadilika kituoni kikaondolewa kwenye kile kilichosomeka vilimani. Msaidizi yule aliyekaa chini ya mti siku nzima ndiye aliyekuwa nusu ya kipimo. Leo chombo kimekuwa chepesi na kizuri kuliko vile vya zamani, lakini msaidizi ameondolewa na hakuna aliyeuliza kazi yake inafanywa na nani.

Majira nayo yana mchango wake. Wakati wa kusi, hasa Julai, mgandamizo wa hapa pwani huwa juu kuliko wakati wa kaskazi kwa hektopaskali kadhaa, kwa hiyo aliyeirekebisha saa yake mwezi wa Februari na kuiacha hivyo ataambiwa mwezi wa Julai kwamba anaishi chini ya bahari. Wako pia wanaokwenda ufuoni wakaiandikia sifuri pale maji yalipo. Usawa wa bahari unaotumika kwenye ramani ni wa wastani. Siku za bamvua, kati ya maji kujaa na maji kupwa kuna mita tatu au zaidi. Hilo halina madhara makubwa ukililinganisha na hayo mengine, na mwenye kutaka sifuri ya ufuoni aichukue katikati ya kujaa na kupwa.

Yote haya ni madogo kwa mtu asiyetoka Malindi. Uzito wake unaonekana vijana wetu wanapokwenda Mlima Kenya, na siku hizi wanakwenda kwa vikundi. Hesabu ya kiwandani huchukulia kwamba hewa iliyo usawa wa bahari ina nyuzijoto 15 za Selsiasi na kwamba inapoa kwa nyuzi 6.5 katika kila mita 1,000 za kupanda. Hewa ya kwetu haiko hivyo hata siku moja. Hewa ya moto hutanuka, kwa hiyo ili mgandamizo ushuke kwa kiasi kile kile mtu hulazimika kupanda zaidi, na saa humpunja: kwa kila nyuzi kumi za joto lililozidi kipimo, kama asilimia nne ya alichopanda hupotea. Kipimajoto cha saa hakisaidii, maana kinapashwa na mkono wa mvaaji.

Mlima Kenya hewa huwa na joto la kama nyuzi kumi na tano zaidi ya hilo linalodhaniwa na kiwanda. Mtu aliyeirekebisha saa yake kwenye lango la Naro Moru, mita 2,400, na kuiacha hivyo mpaka kilele cha Lenana, mita 4,985, anaweza kufika kileleni na kuona saa imepungukiwa na mita mia moja na zaidi. Nimewasikia waliorudi kutoka huko wakisema kwamba kibao cha kileleni kimetiwa chumvi. Kibao kiko sawa. Lau wangeirekebisha saa kwenye kambi ya Met Station, mita 3,050, na tena kwenye kambi ya Mackinder, mita 4,200, pengo lingebaki la mita hamsini hivi kati ya kituo na kituo, na hizo mtu anaweza kuzivumilia.

Kwa nini jambo hili lizingatiwe? Kwa sababu ya ukungu. Mlima ukifunikwa, msafiri huitafuta njia kwenye ramani kwa mistari ya mwinuko: njia inakunja kwenye mita kadhaa, bonde linaanza kwenye mita kadhaa. Aliyekosea kwa mita mia moja na arobaini anaweza kuteremkia bonde ambalo silo, naye akiwa na hakika kabisa kwamba yuko sawa, na hakika hiyo ndiyo inayoniogopesha kuliko kosa lenyewe. Kule juu, tena, hektopaskali moja huhesabiwa kuwa kama mita kumi na nne, si nane, kwa hiyo mabadiliko madogo ya hali ya hewa hukuzwa.

Upande wa afya una sura nyingine, na ni haki niueleze. Wakuu wa misafara hufuata kanuni kwamba juu ya mita 3,000 mtu asiongeze zaidi ya mita 500 kwa siku katika mahali pa kulala, ili kuepuka ugonjwa wa mwinuko. Lakini mapafu hayazijui mita, yanaujua mgandamizo. Kwenye Lenana mgandamizo ni kama hektopaskali 560, zaidi kidogo ya nusu ya ule wa Malindi, na ni mkubwa kuliko wa mlima wa urefu huo huo ulio katika nchi za baridi kali. Kwa mwenye kuangalia kupumua, basi, nambari yenye thamani katika saa yake ni ile ya mgandamizo ambayo haijageuzwa kuwa kitu kingine. Ipo kwenye kioo kingine ndani ya saa hiyo hiyo, na wengi hawajawahi kuifungua. Na mtu akiumwa kichwa na kutapika huko juu, dalili hizo zisikilizwe kabla ya saa yoyote.

Nitajibiwa kwamba saa za siku hizi zina GPS, yaani mfumo wa setilaiti unaomwonyesha mtu mahali alipo, na hujirekebisha zenyewe. Ni kweli, na husaidia, ila GPS nayo ina mipaka yake katika kupima kwenda juu. Setilaiti zote anazoziona mvaaji ziko juu ya kichwa chake, hakuna iliyo chini ya miguu, kwa hiyo kosa la mwinuko kwa kawaida huwa kubwa kuliko kosa la mahali, mara nyingi kwa mara moja na nusu au mara mbili. Ndani ya bonde lenye kuta, kama lile la Nyari huko Marafa, anga inayoonekana ni finyu na mambo huharibika zaidi.

Isitoshe, setilaiti hazijui bahari iko wapi. Hesabu zake huanzia kwenye umbo laini la dunia lililokubaliwa na wataalamu, na katika pwani yetu bahari iko zaidi ya mita ishirini chini ya umbo hilo. Saa nzuri hubeba jedwali la kusahihisha tofauti hiyo, lakini programu nyingine za simu hazifanyi hivyo, na mtu aliyesimama kwenye mchanga wa Silversands huonyeshwa nambari yenye alama ya kutoa, kana kwamba amezama. Kwa mji ulio karibu na Ngomeni, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, haifai watu wetu waendelee kudhani kwamba setilaiti haikosei.

Wengine hutegemea ramani ya mwinuko iliyomo ndani ya saa au kwenye simu. Nyingi ya ramani hizo zimetokana na rada ya chombo cha anga cha Endeavour kilichoizunguka dunia Februari 2000 na kuipima kwa miraba ya mita thelathini hivi. Rada ile ilirudishwa na kilichokuwa juu: paa, majani, vilele vya miti. Ndugu zangu wa Lamu wanaopita kwenye vijia vya mikoko wakati wa maji kupwa wasishangae wakionyeshwa kwamba wako mita nyingi juu ya bahari hali miguu yao imo topeni. Wanaonyeshwa vichwa vya mikoko.

Wakimbiaji wa ufuoni wanaoshindana kwa jumla ya mita walizopanda ningewashauri waache. Ufuo ni tambarare, na kinachojumlishwa ni mitikisiko ya upepo kwenye kihisi na mabadiliko ya hewa. Saa mbili za aina tofauti zitachuja mitikisiko hiyo kwa njia tofauti na kutoa majibu mawili.

Kuhusu maji ya chumvi, muuzaji wa kijana wetu aligusa kitu cha kweli mahali pasipohusika. Tundu la kihisi ni dogo mno, na chumvi, mchanga au mafuta ya kujikinga na jua yakikauka humo hewa haiingii vizuri. Lakini tundu lililoziba huifanya saa ichelewe au ikwame. Haliifanyi ipande na kushuka kwa ratiba ya kila siku. Mwenye saa aioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila atokapo baharini, aiache ikauke, na asilichokonoe tundu kwa sindano, kwa kuwa atatoboa utando ulio ndani na hapo kweli itabidi alipe fundi.

Kutokana na haya nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wauzaji: mteja anapolalamika kwamba mwinuko unabadilika akiwa ameketi, aulizwe saa ngapi unapanda na saa ngapi unashuka kabla ya kutozwa shilingi hata moja. Jibu lake litaonyesha kama kuna ubovu.

La pili ni kwako, Mhariri, na ndilo kubwa. Ukurasa wako wa hali ya hewa unaweza kufanya kazi ya yule msaidizi aliyekaa chini ya mti. Mgandamizo uliorejeshwa kwenye usawa wa bahari, yaani uliohesabiwa kana kwamba kituo kiko usawa huo, hupatikana kila siku kwenye vituo vya Idara ya Hali ya Hewa vya Malindi, Lamu na Mombasa, na marubani hupewa nambari hiyo kabla ya kuruka na kabla ya kutua, kwa sababu altimita ya ndege ina udhaifu ule ule wa altimita ya mkononi. Nambari ipo, kinachokosekana ni kuifikisha kwa raia. Mstari mmoja chini ya jedwali la joto na mvua ungetosha, wenye jina la mji na hektopaskali zake, na kwenye tovuti yenu ungeweza kubadilishwa mara kadhaa kwa siku. Msomaji angeiingiza katika saa yake, mahali palipoandikwa mgandamizo wa usawa wa bahari, na kosa la asubuhi hiyo lingepungua mpaka mita chache.

Pamoja na nambari, tafadhali uchapishwe na wakati iliposomwa, maana ya saa nne asubuhi haimfai mtu anayeanza safari saa kumi jioni.

Wako,
Mpimaji ardhi mstaafu,
Malindi